Usichague shujaa kwa ukubwa wa pigo lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala unaozuka kila mtu mgeni anapokaribishwa kwenye mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, mjadala ambao kwa maoni yangu umekuwa ukijibiwa vibaya kwa muda mrefu. Mgeni husema anataka kuwa shujaa wa upanga, yule anayesimama mbele na kupokea mapigo kwa niaba ya wenzake, kisha anafungua kanuni na kukuta fani nne zinazoonekana kufanya kazi ile ile: mpiganaji, barbari (shujaa wa porini anayepigana kwa ghadhabu), paladini (shujaa wa kiapo mwenye uchawi mtakatifu) na renja (mwindaji na mfuata nyayo). Anauliza achukue ipi. Anajibiwa kwamba zote ni mamoja, atazame tu inayotoa pigo kubwa, na mara nyingi anatajiwa paladini kabla hajamaliza kuuliza.

Jibu hilo linapotosha, na madhara yake huanza kuonekana baada ya vikao kadhaa, pale mchezaji aliyechagua kwa kutazama pigo anapogundua kwamba shujaa wake hana la kufanya katika nusu ya mapigano, huku jirani yake mezani, aliyechukua fani iliyobezwa, akiwa na kazi kila zamu inapomfikia. Mimi ni msimamizi wa mchezo, yaani ndiye ninayesimulia ulimwengu na kuwaongoza maadui, na nimewashuhudia wachezaji wazuri wakimtelekeza mhusika waliyempenda kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema tofauti iliyopo. Tofauti hiyo haimo kwenye jedwali la silaha. Imo kwenye mapumziko: nguvu za kila fani hurudi lini, na kikosi kitapigana mara ngapi kabla hazijarudi.

Kufanana kwa fani hizi kuna historia yake. Mchezo ulipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ukiwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, fani zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Paladini aliongezwa mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza, akiwa tawi la mpiganaji lililofunguliwa kwa mhusika ambaye haiba yake, moja ya sifa zinazopimwa kwa namba, haipungui 17. Renja alitokea mwaka huo huo katika jarida la kampuni iliyochapisha mchezo. Barbari alianza kuonekana jaridani mwaka 1982, akaingizwa kitabuni mwaka 1985 akiwa mtu wa porini asiyeuamini uchawi, na ghadhabu anayofahamika nayo leo ilimpa nafasi katika kanuni za msingi za toleo la tatu, mwaka 2000. Wote ni watoto wa mpiganaji wa kwanza, kwa hiyo si ajabu wakishika panga zile zile na kuvaa deraya zinazokaribiana. Walichogawana watoto hao ni namna ya kutumia nguvu na namna ya kuzirejesha.

Nitatumia kanuni za toleo la tano za mwaka 2014, ambazo wachezaji wengi wanazijua, na nitachukua ngazi ya 5 (mhusika hupanda ngazi kadiri anavyopata uzoefu), kwa kuwa hapo ndipo fani zote nne hupata shambulio la pili ndani ya zamu moja. Tuseme shujaa ana nguvu 18 na upanga wa mikono miwili, ambao madhara yake hupatikana kwa kurusha dadu 2 za pande 6 na kuongeza 4 zinazotokana na nguvu hiyo. Kila pigo linalompata adui humpunguzia wastani wa pointi 11 za uhai. Tuseme pia kwamba adui ana kinga 16, yaani namba ambayo dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya mshambuliaji lazima iifikie ili pigo limpate. Mpiganaji na paladini watampata kwa asilimia 60 ya mashambulio yao, na hivyo kila mmoja atatoa wastani wa pointi 13 hivi kwa zamu ya kawaida. Barbari aliyeghadhibika huongeza pointi 2 kwenye kila pigo, na akiamua kujitosa, yaani kushambulia bila kujali usalama wake, hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa, jambo linalopandisha uwezekano wake hadi asilimia 84. Wastani wake unafika karibu pointi 22 kwa zamu, na anaweza kuurudia zamu baada ya zamu kwa dakika nzima ya ghadhabu, ambayo katika mchezo ni mizunguko 10. Mapigo ya bahati, yale ya dadu kusimama kwenye 20, nimeyaacha nje kwa kuwa hayabadilishi sura ya hesabu.

Mpiganaji ana uwezo wa kutenda mara mbili ndani ya zamu moja. Zamu hiyo anashambulia mara 4, na wastani wake unapanda hadi 26. Paladini naye, baada ya pigo lake kumpata adui, anaweza kuteketeza nafasi moja ya uchawi, yaani akiba yake ya kurushia uchawi, ili pigo hilo liwe takatifu: nafasi ya ngazi ya kwanza huongeza wastani wa 9, na ya ngazi ya pili huongeza 13 na nusu. Anazo 4 za kwanza na 2 za pili. Mapigo yake yote mawili yakimpata adui, naye akateketeza zile nafasi 2 kubwa, adui hupoteza wastani wa pointi 49 kwa zamu moja. Hapo ndipo washauri wengi huufunga mjadala na kumtangaza paladini mshindi.

Kosa ni kwamba wamepima zamu moja, ilhali shujaa anaishi siku nzima. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kikosi kinaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya ugumu wa kati au mkubwa kabla ya pumziko refu la saa 8, huku kikichukua mapumziko mafupi 2, ya saa 1 kila moja, katikati ya safari. Katika siku ya namna hiyo, uwezo wa mpiganaji wa kutenda mara mbili hurudi kila pumziko fupi, hivyo anautumia mara 3, na jumla yake ni nyongeza ya pointi 40 hivi za madhara. Pumzi yake ya pili, inayomrudishia uhai kwa dadu ya pande 10 pamoja na ngazi yake, nayo hurudi vivyo hivyo, na katika siku nzima inamwokolea wastani wa pointi 31 na nusu bila kumsumbua kasisi. Paladini amepewa mapigo matakatifu 6 kwa siku nzima, yenye jumla ya wastani wa 63. Yakiisha yameisha, na yanatoka kwenye kibuyu kile kile anachotegemea kwa uchawi wake wa kubariki na kuponya. Akiyagawa sawasawa anapata moja kwa kila pambano. Barbari ana ghadhabu 3 kwa siku. Mapambano yakiwa 6, matatu atayapigana akiwa mtu mwenye uhai mwingi na upanga mkubwa, basi.

Geuza meza sasa. Vikundi vingi hucheza kwa mtindo wa hadithi, ambapo siku nzima ya mchezo ina pambano moja kubwa, na baada ya hapo mashujaa wanarudi mjini kulala. Katika meza ya namna hiyo mpiganaji hutumia uwezo wake mara moja tu, barbari anakuwa na ghadhabu kila anapoihitaji, na paladini anamwaga kila alichonacho bila hofu ya kesho. Nakubali bila kusita kwamba hapo paladini ni mkali kuliko wenzake wote. Ninachokataa ni kumtangazia ubora huo mtu ambaye bado hujajua ataketi kwenye meza ipi. Mgeni aliyeambiwa kwamba mpiganaji ni fani ya wasiojua kitu anaweza kuwa anaingia kwenye safari ndefu ya mapangoni, yenye milango mingi na usingizi mchache, ambako mpiganaji huyo huyo angekuwa nguzo ya kikosi.

Hata upande wa kupokea mapigo, watu huhukumu haraka. Wengi hudhani barbari ni mgumu kwa sababu dadu yake ya uhai ina pande 12 na ya wenzake ina pande 10. Kwa ngazi ya 5, ukitumia wastani uliowekwa na kanuni na kabla ya kuongeza ustahimilivu, tofauti hiyo ni pointi 6 tu: 40 kwa 34. Ugumu wake halisi uko kwenye ghadhabu, inayopunguza kwa nusu madhara ya kukatwa, kuchomwa na kupondwa. Tazama inavyofanya kazi. Tuseme barbari asiyevaa deraya ana kinga 15; adui mwenye nyongeza ya 5 ya kulenga humpata kwa asilimia 55. Akijitosa, adui naye hurusha dadu mbili, na uwezekano unapanda hadi asilimia 80. Lakini kila pigo limekatwa nusu, kwa hiyo madhara anayopokea ni sawa na asilimia 40 ya kilichorushwa kwake. Mpiganaji aliyevaa deraya kamili yenye kinga 18 hupatwa na adui huyo huyo kwa asilimia 40. Mbele ya upanga, basi, mwendawazimu asiye na shati na askari aliyefunikwa chuma hadi kidevuni wanaumia kiasi kile kile, na mimi huona huo ni ufundi mzuri sana wa waliotunga kanuni. Tofauti inatokea adui anapotema moto. Ghadhabu ya kawaida haipunguzi moto, na barbari aliyejizoesha kuingia kifua wazi hugundua ghafla kwamba uhai wake haukuwa mwingi kama alivyodhani.

Liko jambo moja ambalo hesabu ya mapigo hailigusi kabisa, nalo ndilo lingenifanya nimpendekeze paladini hata kwenye meza isiyomfaa. Akifika ngazi ya 6, yeye na kila rafiki aliye ndani ya futi 10 kutoka kwake hupata nyongeza inayotokana na haiba yake kila wanaporusha dadu ya kujinusuru. Paladini mwenye haiba 16 huwapa wote nyongeza ya 3, ambayo ni sawa na asilimia 15 zaidi ya kuepuka sumu, woga, au uchawi wa kutawala akili. Mpiganaji na barbari wana udhaifu mkubwa wa akili. Kanuni zimewapa ulinzi wa mwili na kuwaacha wazi mbele ya mchawi anayenong'ona. Kila msimamizi anajua kinachotokea mchawi huyo anapomteka shujaa mwenye upanga mkubwa kuliko wote na kumgeuzia wenzake. Paladini aliyesimama mahali panapofaa huzuia balaa hilo bila kurusha dadu hata moja, na hakuna anayemwandikia pointi. Uwezo huo una masharti yake: hufanya kazi paladini akiwa na fahamu, na huwavuta marafiki wakusanyike karibu, mahali ambapo mpira mmoja wa moto unaweza kuwapata wote. Hapo ndipo mchezaji wa paladini anapoanza kufikiri kama kiongozi, akipima umbali kwa hatua na kuwaita wenzake wasogee au watawanyike.

Adui akiruka angani mambo hubadilika tena. Pigo takatifu la paladini, kwa kanuni za 2014, linahitaji silaha ya kushambulia kwa karibu. Nyongeza ya ghadhabu na faida ya kujitosa nazo ni za mashambulio ya karibu yanayotumia nguvu, kwa hiyo barbari akirusha mkuki hapati hata moja kati ya hizo, na akipitisha zamu nzima bila kumshambulia adui wala kuumizwa, ghadhabu inazimika. Mpiganaji aliyejifunza mtindo wa upinde, wenye nyongeza ya 2 ya kulenga, hupeleka mishale 2 kila zamu na bado ana uwezo wake wa kutenda mara mbili. Renja naye anaweza mtindo huo na mishale hiyo 2, ingawa hana uwezo wa kutenda mara mbili, akiongeza uchawi mdogo wa kumwekea windo alama ili kila pigo liongezewe dadu ya pande 6. Sitamzungumzia renja kwa kirefu, kwa sababu umahiri wake wa kufuata nyayo na kuijua nchi hutegemea mno kama msimamizi ataipa safari yenyewe uzito; msimamizi akiruka kutoka mji hadi mji, sehemu kubwa ya fani hiyo inakaa bure.

Ukiacha hesabu, kuna swali la nafsi ya mchezaji, nalo nalipa uzito mkubwa. Kila fani humpa mtu maamuzi ya aina yake mezani. Barbari ana uamuzi mmoja mkubwa mwanzoni mwa pambano, kughadhibika sasa au kungoja, na mdogo kila zamu, kujitosa au kujihifadhi; kwa anayependa kuingia kwenye hatari na kuisimulia kwa sauti, hiyo inatosha na inafurahisha. Paladini huamua kila pigo linapopata: niteketeze au niweke? Ana pia hazina ya kuponya kwa kuwekea mikono, pointi 25 akiwa ngazi ya 5, na pointi 1 tu inaweza kumwinua mwenzake aliyeanguka. Juu ya hayo yote ana kiapo kinachomfunga katika mwenendo, na asiyependa kuulizwa kwa nini shujaa wake amedanganya au ameacha mateka auawe atachoshwa na kiapo hicho mapema.

Mpiganaji anasingiziwa kwamba hana maamuzi. Kwa anayechukua njia ya bingwa, ambaye pigo lake la bahati hutokea dadu ikisimama kwenye 19 au 20, lawama hiyo ina ukweli kiasi, na wapo wachezaji wanaoupenda wepesi huo. Ni haki yao. Lakini anayechukua njia ya fundi wa vita hupata, kuanzia ngazi ya 3, mbinu 3 na dadu 4 za kuziendesha, ambazo hurudi kila pumziko fupi. Kwa dadu hizo anaweza kumwangusha adui, kumpokonya silaha, au kuacha shambulio lake moja ili mwenzake ashambulie nje ya zamu. Mchezaji aliyeketi na fani hiyo hutazama uwanja mzima, kwa maana pigo bora la kikosi kizima huenda likawa la mtu mwingine. Mpiganaji pia ndiye aliyepewa fursa nyingi zaidi za kuongeza sifa zake au vipaji, mara 7 hadi ngazi ya 20, wakati wenzake watatu wana mara 5, na hahitaji kugawanya sifa zake sana. Paladini lazima alee nguvu, haiba na ustahimilivu kwa pamoja, na anayesahau haiba anajikuta na ulinzi mwembamba uleule nilioueleza juu.

Najua wapo watakaosema kwamba kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 zimeyafuta haya. Zimepunguza pengo, na nazipongeza kwa hilo. Barbari sasa hurejeshewa ghadhabu 1 kila pumziko fupi na anaweza kuiendeleza kwa kitendo cha ziada bila kumpiga mtu; pigo takatifu limekuwa uchawi unaotumia kitendo hicho cha ziada, ambacho ni kimoja tu kwa zamu, kwa hiyo ile zamu ya pointi 49 haipo tena; na mpiganaji anaweza kutumia pumzi yake ya pili hata nje ya vita, kuokoa jaribio la ujuzi lililoshindwa. Hata hivyo nafasi za uchawi za paladini bado hungoja usingizi wa usiku, na uwezo wa mpiganaji wa kutenda mara mbili bado huridhika na saa 1. Swali la mapumziko limebaki palepale.

Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wenzangu, kabla ya mgeni kuandika jina la mhusika wake kwenye karatasi, wamweleze waziwazi jinsi meza yao inavyochezwa: mapambano mangapi kwa siku, mapumziko mafupi huruhusiwa kwa urahisi au hukatizwa na maadui, safari inasimuliwa au inarukwa, na maadui wanaopendwa mezani hapo ni wa panga, wa moto au wa kunong'ona. Maelezo hayo huchukua dakika chache na hayafichui siri yoyote ya hadithi. Ninawaomba pia wachezaji wazoefu wamwache mgeni ajibu mwenyewe anachopenda kuamua zamu yake ikifika, kabla ya kumpa orodha ya namba. Na mgeni aliyekwisha kuchagua akajikuta mahali pasipomfaa, aruhusiwe kubadili fani katika vikao vya mwanzo bila kumpoteza mhusika, jina lake wala historia yake. Mimi huruhusu hilo mezani kwangu hadi ngazi ya 3, na hakuna hadithi iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Wako mwaminifu,

Msomaji na msimamizi wa mchezo